Mbwa Mgeni Nyumbani: Jinsi ya Kumtuliza ili Mtaa Ulale

Ifuatayo ni mada iliyosomwa kwa wakazi wakati wa zoezi la kuchanja mbwa katika wadi. Imechapishwa hapa kwa ukamilifu kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Mada ya leo ni mbwa mgeni, yule aliyeingia nyumbani wiki hii au mwezi huu. Huenda ni mtoto wa mbwa aliyetolewa kwa jirani. Huenda ni mbwa mkubwa aliyechukuliwa kutoka makao ya wanyama, kama yale ya shirika la KSPCA jijini Nairobi. Au ni mbwa koko aliyejileta mwenyewe langoni, akapewa makombo siku moja, ya pili na ya tatu, mpaka akawa wa nyumba. Hawa wote wanafanana kwa jambo moja: giza likiingia, wanabweka, wanalia na kukwaruza mlango.

Mchana jambo hili huonekana dogo. Saa nane usiku si dogo. Kuna mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi, mgonjwa aliyetoka hospitalini jana, na mama aliyemaliza kumbembeleza mtoto mchanga sasa hivi. Usiku wa tatu jirani anagonga lango. Wiki ya pili familia imechoka, mbwa anatiwa kwenye gunia na kwenda kuachwa karibu na soko la mbali. Au mtu asiyejulikana anarusha nyama yenye sumu juu ya ua. Sumu haichagui. Humuua mbwa, kuku na paka, na huweza kumdhuru mtoto anayeokota kitu chini. Naye mbwa aliyetupwa leo ndiye koko wa kesho, asiye na chanjo wala mwenyewe, anayezurura kwenye majaa na kuwafukuza watoto wakienda shule. Ndiyo maana kubweka usiku ni jambo la umma na wala si la nyumba moja tu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mbwa wengi wageni hutulia wakisaidiwa, na msaada wenyewe haugharimu pesa nyingi. Unahitaji subira, na watu wote wa nyumba washike mwendo mmoja.

Kwa nini anabweka

Mtoto wa mbwa hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Amelala akiwa amerundikana na mama na ndugu zake, akisikia pumzi zao na joto lao. Usiku mmoja vyote vinaondoka kwa pamoja. Anapolia anafanya kile ambacho maumbile yamemfundisha: anaita mama aje amchukue. Kwa sababu hii, mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama kabla ya kutimiza wiki 8. Anayetolewa mapema zaidi hulia zaidi, huugua upesi, na mara nyingi hukua akiwa mwoga.

Mbwa mkubwa ana sababu zake. Hajui sauti za mtaa mpya. Masikio ya mbwa husikia sauti nyembamba ambazo mwanadamu hazisikii kabisa, na hata zile tunazozisikia sote, yeye huzipata kutoka mbali zaidi. Bodaboda inayopita barabara ya chini, paka juu ya mabati, filimbi ya mlinzi, mlango wa choo cha ploti: kwa mbwa mgeni kila sauti ni habari mpya, na kila habari mpya anaijibu.

Zaidi ya hofu na upweke, mwenye mbwa achunguze mambo manne ya kawaida. Je, ana maji? Je, amepata nafasi ya kujisaidia kabla ya kulala? Je, mahali pake pamelowa au panapigwa na upepo? Je, ana viroboto, kupe, kidonda au minyoo inayomnyima usingizi? Kumfundisha mbwa mwenye kiu au anayewashwa mwili mzima ni kupoteza wakati. Aondolewe shida kwanza, kisha afundishwe.

Siku ya kwanza

Inafaa mbwa aletwe nyumbani asubuhi, na ikiwezekana siku ambayo mtu atashinda nyumbani. Anayeletwa saa mbili usiku analala mahali ambapo hajapaona kwa macho wala kupanusa. Akifika mchana anapata muda wa kuzunguka ua, kunusa kuta, kujua maji yako wapi na kujua lango liko upande gani.

Apelekwe kwanza mahali atakapokuwa akijisaidia, kisha aonyeshwe mahali pake pa kulala. Watoto wa mtaa waambiwe wasubiri. Furaha yao inaeleweka, lakini mikono kumi inayomshika mbwa mgeni kwa wakati mmoja humtia hofu, na mbwa mwenye hofu anaweza kuuma.

Kama anatoka kwa jirani au kwa makao, mchukuaji aombe kipande cha gunia au kitambaa alichokuwa akilalia. Harufu ya alikotoka itamtuliza usiku kuliko blanketi jipya. Aulize pia alikuwa akila nini na saa ngapi, na chakula hicho kiendelee kwa siku chache kabla ya kubadilishwa kidogo kidogo. Kubadilisha chakula ghafla huleta kuhara, na mbwa anayehara ataamsha watu usiku.

Mahali pa kulala

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumjengea mbwa kibanda kando ya lango, mbali na nyumba, na kumweka humo usiku wa kwanza. Hapo amepewa mambo mawili magumu kwa pamoja: upweke, na barabara ya kuitazama.

Kibanda kizuri kina sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiingie, paa lisilovuja, na mlango unaotazama upande usio na upepo. Kiwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Ndani kuwe na gunia kavu au sweta kuukuu. Kwenye maeneo ya baridi, nyasi kavu zinasaidia sana. Kwenye maeneo ya joto, kivuli na hewa ni muhimu zaidi.

Kwa usiku wa kwanza, mbwa alale mahali anapoweza kusikia watu. Wakazi wengi hawalazi mbwa ndani ya nyumba, wengine kwa sababu ya dini, wengine kwa sababu ya nafasi, na hakuna anayelazimishwa. Kibanda kinaweza kuwekwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, au kwenye baraza karibu na mlango wa jikoni. Mtu mmoja anaweza kukaa kwenye kigoda karibu naye mpaka apate usingizi. Baada ya usiku kadhaa wa utulivu, kibanda kisogezwe hatua moja au mbili kuelekea mahali kitakapokaa. Usiku unaofuata, hatua nyingine. Akianza kulia tena, kirudishwe nyuma kidogo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Kama ua ni wa waya na mbwa anaona kila anayepita, upande wa barabara uzibwe kwa mabati, magunia au mimea. Asichokiona hakimsumbui sana.

Jioni yenye mpango

Mbwa aliyeshinda amefungwa siku nzima ana nguvu zote za usiku. Hakuna mafunzo yatakayomlaza. Jioni, kama saa kumi na moja hivi, atembezwe kwa kamba au achezeshwe kwa nusu saa. Baada ya hapo apumzike, ndipo apewe chakula, na muda uwe ule ule kila siku.

Ugali na omena zilizooshwa mchanga vizuri ni chakula ambacho familia nyingi zinakimudu. Mifupa iliyopikwa isitumike, kwa kuwa hupasuka na kuchoma matumbo. Kitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, hata vikiwa ndani ya makombo.

Kabla ya watu kulala, kama saa nne usiku, mbwa atolewe mara ya mwisho kujisaidia. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kukaa usiku kucha, kwa kuwa kibofu chake ni kidogo. Wengi wa umri huo huhitaji kutolewa baada ya saa tatu hivi. Mwenye mbwa anaweza kutega kengele ya simu na kumtoa kabla hajalia. Atolewe kimya kimya, bila mchezo wala mazungumzo, kisha arudishwe. Kadiri anavyokua, muda unarefushwa.

Anapobweka

Hapa ndipo familia nyingi hukosana. Baba anafoka dirishani, mama anatoka na mfupa, kijana anarusha kiatu. Mbwa hawezi kuelewa nyumba yenye sheria tatu.

Kufoka hakusaidii. Kwa mbwa, mtu anayepiga kelele usiku ni mwenzake aliyejiunga kubweka. Kupiga ni kubaya zaidi. Mbwa anayebweka kwa hofu akipigwa anaongezewa hofu, na hofu ndiyo iliyomfanya abweke. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inaharamisha kumpiga mnyama kikatili na kumnyima chakula.

Mwenye mbwa asikilize kwanza ni sauti gani. Kilio chembamba cha mfululizo, kutetemeka na kukwaruza mlango ni dalili za hofu au upweke. Huyu asiachwe alie mpaka achoke. Aendewe, aguswe, aongeleshwe kwa sauti ya chini, na mtu akae naye kidogo. Kumfariji mbwa mwenye hofu hakumharibu. Kunampa imani kwamba mahali hapa ni salama.

Kubweka kwa kudai ni tofauti. Mbwa ameshiba, amejisaidia, amekaa nyumbani wiki kadhaa, hana hofu, lakini anabweka akitazama mlango ili mtu atoke. Huyu asijibiwe akiwa anabweka. Akibweka nusu saa, kisha mtu akatoka, amejifunza kwamba bei ya kumwona mtu ni nusu saa. Kesho atalipa bei hiyo hiyo. Mtu asubiri anyamaze, hata kwa sekunde chache, ndipo atoke na kumsifu. Watu wajue pia kwamba njia hii inapoanza, mbwa huweza kuzidisha kelele kwa siku chache kabla ya kuacha. Wanaokata tamaa siku hizo wanakuwa wamemfundisha kubweka zaidi. Kwa hiyo majirani waambiwe mapema.

Neno "kimya" linafundishwa mchana, si usiku. Mtu mmoja agonge lango. Mbwa akishabweka mara mbili au tatu, mwenye mbwa amkaribie, aseme "kimya" mara moja kwa sauti ya kawaida, na kumwekea kipande kidogo cha nyama karibu na pua. Mbwa anayenusa hawezi kubweka. Akinyamaza hesabu ya tatu, apewe nyama. Kesho yake iwe hesabu ya tano, kisha kumi, kisha thelathini. Dakika tano, mara mbili kwa siku, zinatosha. Watu wote wa nyumba watumie neno hilo hilo moja.

Lakini mbwa asipobweka ana kazi gani?

Swali hili huulizwa karibu kila mara, na ni swali la haki. Wakazi wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi wa mifugo, duka au boma, na hawataki mbwa bubu.

Hakuna anayetaka awe bubu. Shida ni mbwa anayebwekea kila kitu. Mbwa akibweka usiku kucha kwa sababu ya paka, jani na upepo, mwenye nyumba huzoea. Siku mwizi atakapokuja, mbwa atabweka na mwenye nyumba atajifunika blanketi. Mlinzi mzuri ni yule ambaye akibweka, watu wanaamka.

Ili afike hapo, azoeshwe mambo ya kawaida ya mtaa. Atembezwe mchana aone bodaboda, mikokoteni na watoto wa shule. Ajulishwe kwa mlinzi wa usiku, kwa muuza maziwa wa alfajiri na kwa jirani wa karibu, na kila mmoja wao ampe kipande cha chakula. Akishawajua, hatawapigia kelele. Mgeni wa kweli atabaki kuwa mgeni.

Mnyororo nao hauleti ukali wa maana. Mbwa aliyefungwa mchana na usiku hawezi kukaribia anachokiogopa wala kukikimbia. Kilichobaki kwake ni kubweka, na akifunguliwa, kuuma yeyote. Ikibidi afungwe, iwe kwa muda, kwa kamba ndefu, penye kivuli na maji.

Jirani, sheria na afya

Kabla mbwa hajaletwa, anayeishi nyumba ya kupangisha amuulize mwenye nyumba au msimamizi wa ploti. Mbwa akishafika, majirani waambiwe: kuna mbwa mgeni, anafundishwa, tafadhali vumilieni wiki mbili, na akisumbua nipigieni simu hii. Maneno hayo machache yamezuia ugomvi mwingi. Jirani aliyeambiwa huvumilia. Aliyeshtukizwa huenda moja kwa moja kwa chifu.

Naye anayesumbuliwa aanze kwa kuzungumza na mwenye mbwa. Wasipoelewana, aende kwa wazee wa nyumba kumi, kisha ofisi ya wadi. Kuweka sumu si njia ya kumaliza ugomvi. Ni hatari kwa kila mtu na ni kosa.

Sheria iko wazi kwa pande zote mbili. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kelele kubwa zisizo na sababu zinazomsumbua mtu mwingine, na saa ya kelele huzingatiwa. Mfugaji ana haki ya kufuga, na jirani ana haki ya kulala.

Mwisho ni afya. Mbwa mgeni apelekwe kwa daktari wa mifugo siku za mwanzo ili atibiwe minyoo, kupe na viroboto. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mbwa mkubwa asiye na cheti achukuliwe kuwa hajachanjwa. Mbwa dume anayezurura na kubweka akitafuta jike hutulia zaidi akihasiwa, na jike akifungwa kizazi nyumba haitapata watoto wa mbwa wasio na pa kwenda.

Kuna kubweka ambako hakuhusu malezi. Mbwa akibadilika ghafla, sauti ikawa ya kukwama, akatokwa na mate, akashindwa kumeza, akayumba au akawashambulia watu na vitu bila sababu, asikaribiwe. Watu na mifugo waondolewe, na ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mwanadamu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Chanjo ikitolewa mapema, inazuia.

Wiki mbili za kwanza

Kwa kumalizia, kila aliye na mbwa mgeni achukue daftari. Aandike kila usiku saa mbwa alipobweka, kwa muda gani, na kilichotangulia. Baada ya siku chache sababu itajitokeza. Saa saba kila usiku huenda ni kibofu. Saa kumi alfajiri huenda ni muuza maziwa. Mvua ikinyesha tu, basi ni paa.

Wahudumu wa makao ya wanyama hutumia kipimo chepesi: siku tatu za kwanza mbwa ameduwaa, wiki tatu anaanza kujua utaratibu, miezi mitatu anajiona wa nyumbani. Si sheria, na mbwa aliyeteswa huweza kuchukua muda mrefu zaidi. Mgeni wa mtu tunampa jembe siku ya tatu. Mgeni huyu aongezewe siku. Wiki mbili zikipita bila nafuu yoyote, mwenye mbwa afike na daftari lake kwa afisa wa mifugo wa wadi kabla ya kufikiria gunia na soko la mbali.

Walio na mbwa hapa leo, foleni ya chanjo iko upande wa kulia. Tafadhali washikeni kwa kamba, na watoto wasimame pamoja na watu wazima.